Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: kimyanga, ugonjwa wa mpunga, hakisubiri kikao

Dar es Salaam,
12 Desemba 2024

Kwa: Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,
pamoja na Mkuu wa Idara inayosimamia kilimo.

YAH: MAGONJWA NA WADUDU WA MPUNGA BONDENI KWETU, NA MSAADA UNAOFIKA BAADA YA MAVUNO

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga katika bonde mojawapo la pembezoni mwa jiji hili. Sitaji jina la bonde wala la halmashauri. Wewe unajifahamu, na nakala za barua zangu tatu zenye muhuri wa masjala yako ninazo nyumbani ndani ya bahasha ya kaki. Ya kwanza ni ya tarehe 26 Februari, ya pili 18 Machi, ya tatu 9 Mei. Hakuna iliyojibiwa. Ofisini nimefika mara nne. Mara mbili niliambiwa mhusika yuko kwenye kikao, mara moja niliambiwa niandike barua, na mara ya mwisho niliambiwa barua zangu zinafanyiwa kazi. Wakati huo mpunga tulishaufyeka.

Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani. Sina ugomvi na mtumishi yeyote na sitaki mtu aondolewe kazini. Ninachotaka ni kwamba msimu ujao wa masika, ambao vitalu vyake vinaanza baada ya wiki nane hivi, usitukute kama ulivyotukuta uliopita.

Najua wapo watakaoshangaa kusikia Dar es Salaam kuna mpunga. Pale Msasani kuna mtaa mzima unaoitwa Bonde la Mpunga, na jina hilo liliachwa na majaruba yaliyokuwapo kabla ya nyumba. Mabonde mengine bado yanalimwa hadi leo. Wali unaoliwa kwa mama lishe wa Manzese au Mbagala haukutoka wote Mbeya, Ifakara na Kahama. Sehemu yake, japo ndogo, ilitoka kwetu, kwa wanawake wanaovuka daraja la miti saa kumi na mbili asubuhi wakiwa na jembe begani na mtoto mgongoni.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kimyanga kilionekana kitaluni, na hakuna aliyekuja kukitazama

Mwanzoni mwa Februari mwaka huu tulimwaga mbegu. Wengi wetu tulitumia SARO 5, wachache Supa. Tunazipenda aina hizi kwa sababu wali wake unanukia na mnunuzi hazikatai, lakini zote mbili hazihimili kimyanga. Wiki ya tatu, asubuhi moja, nilikuta miche ya upande wa mfereji imebadilika rangi. Majani yalikuwa na michirizi ya njano iliyokatikakatika, mingine ikielekea rangi ya chungwa, na miche yenyewe ilikuwa mifupi kuliko wenzake. Nilipiga picha kwa simu nikaandika barua siku hiyo hiyo.

Kwa msomaji asiyekijua, kimyanga ni ugonjwa unaoletwa na virusi. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966, jirani na Ziwa Victoria, na hadi leo ni ugonjwa wa mashamba ya Afrika na visiwa vyake. Mpunga ukishikwa ungali mchanga hudumaa, hutoa machipukizi machache, suke hukwama ndani ya ala, na hata likitoka huwa limejaa mapepe, yaani punje tupu. Hakuna dawa inayouponya. Hauambukizwi kwa mbegu. Hubebwa na mbawakavu wadogo wanaotafuna majani, na hapa ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu hubebwa na sisi pia. Mkono ulioshika mche mgonjwa ukashika mzima, mundu uliokata huku ukahamia kule, ng'ombe aliyekatiza jarubani, maotea ya msimu uliopita yaliyoachwa yakaota tena, vyote hivyo ni njia zake.

Sasa fikiria siku ya kung'oa miche. Watu ishirini wanaingia kitaluni, wanang'oa, wanafunga mafungu, wanaosha mizizi kwenye ndoo moja, wanagawana, na kila mmoja anakwenda kupandikiza kwake. Tulikieneza kimyanga bonde zima kwa mikono yetu wenyewe, siku mbili tu, huku tukiimba.

Kilichohitajika tarehe 26 Februari kilikuwa mtu mmoja mwenye ujuzi, asimame kitaluni nusu saa na kusema: hiki ni kimyanga, miche hii msiihamishe, ing'oeni muifukie, nawaeni mikono kwa sabuni, kitalu kipya kiwekeni mbali na maotea. Muda wa kumwaga mbegu upya ulikuwapo, maana masika ilikuwa bado mbele yetu. Hakuna aliyekuja. Tukapandikiza.

Kwenye eka moja na nusu ninayokodi, mwaka wa kabla yake nilipata magunia kumi na manne. Safari hii nilipata matatu. Jirani yangu wa jaruba la chini, mjane anayelea wajukuu watano, hakuvuna kabisa. Aliwaita wafugaji waingize ng'ombe, akasimama kando akiangalia. Nilipomwendea aliniambia, "Mwalimu, acha angalau ng'ombe washibe." Sikuwa na neno la kumjibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta neno la kukujibu wewe, Ndugu Mkurugenzi, kwa niaba yake.

Tarehe 19 Juni wataalamu wenu walikuja, wawili, wakiwa na gari, fomu na kamera. Walikuwa watu waungwana na wanaoijua kazi yao. Yule kijana aliinama, akachomoa shina moja lililobaki, akaligeuza juani na kusema papo hapo, "Hiki ni kimyanga, mama. Mngetuita mapema." Nikamwonyesha nakala ya barua ya Februari. Aliisoma mpaka mwisho, akainamisha kichwa. Nilimhurumia, kwa kuwa ni dhahiri barua ile haikuwahi kumfikia.

2. Duka la pembejeo ndilo limekuwa zahanati yetu

Mtu akikosa daktari huenda kwa aliye wazi. Tulipokosa afisa ugani, wenzetu walichukua majani ya njano wakaenda nayo dukani. Mmoja aliuziwa dawa ya ukungu. Mwingine dawa ya wadudu. Wa tatu aliambiwa shamba lina njaa, akabeba mfuko wa urea. Wote watatu walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, na wote watatu walikopa fedha ya kulipia.

Simlaumu muuzaji kwa kutojua. Njano ya mpunga hudanganya. Upungufu wa naitrojeni huleta njano, tena huanzia majani ya chini na kuenea sawasawa shambani. Kimyanga huleta njano yenye michirizi, na mara nyingi huanza kwa madoamadoa ya mahali mahali, kando ya mfereji au karibu na maotea. Anayejua hayo hutofautisha kwa dakika tano. Asiyejua hutofautisha kwa kujaribu dawa moja baada ya nyingine mpaka fedha iishe.

Ile urea ndiyo ilinisikitisha zaidi. Mwaka huu unyevu ulikuwa mwingi mno, na kwenye unyevu namna hiyo mpunga ulionenepeshwa kwa naitrojeni ni chakula cha blasti, ule ugonjwa wa ukungu. Ulianza kwa madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu, pembeni kahawia. Mwezi Mei ukashika shingo za masuke, na suke lililokatwa shingo hukauka likiwa jeupe, tupu. Blasti, tofauti na kimyanga, ina dawa, lakini dawa yake ina saa yake. Mpunga ukiwa na mimba na masuke yakianza kuchungulia, kinga inafanya kazi. Shingo ikishaoza, unanyunyizia makapi. Wenzetu walinyunyizia makapi.

Tena masuke meupe nayo yana utata wake, na hapa naomba niseme kwa kirefu kwa sababu kila mwaka tunakosea. Funza watoboa shina nao huleta masuke meupe. Njia ya kutofautisha nilifundishwa miaka mingi iliyopita na bwana shamba mmoja mzee, Mungu amrehemu: shika suke jeupe ulivute taratibu. Likichomoka kirahisi na chini yake ukaona limetafunwa, au ukipasua shina ukakuta tundu na kinyesi kama unga wa mbao, huyo ni funza. Likigoma kutoka, na shingo yake ina weusi au ukahawia, hiyo ni blasti. Kwenye mpunga mchanga funza huonekana kwa jani la katikati kukauka peke yake wakati ya pembeni ni mabichi, na ukilivuta linakuja mkononi. Maarifa haya hayahitaji maabara. Yanahitaji mtu wa kuyaleta shambani wakati mpunga ungali umesimama.

Kuhusu dawa zenyewe nina mawili tu. La kwanza, bondeni kwetu zinauzwa dawa zilizopimwa kwenye chupa za maji ya kunywa, hazina lebo, hazina jina, hazina kipimo wala siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nchi ina Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na kuna mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo kusimamia viuatilifu. Mtoto wa mwanakikundi wetu aliokota chupa ya namna hiyo Aprili, bahati nzuri bibi yake alimnyang'anya kabla hajainywa. La pili, kunyunyizia bila kujua unanyunyizia nini huua buibui na kereng'ende, ambao ndio askari wetu wa bure dhidi ya wadudu, na maji yanayotoka majarubani mwetu ndiyo yanayomwagilia mchicha wa wenzetu wa chini. Mchicha huo unaliwa jijini jioni ile ile.

3. Watoto wanaacha shule kwa ajili ya ndege

Nilifundisha miaka 31, kwa hiyo hili nitalisema kama mwalimu kabla ya kulisema kama mkulima. Mpunga ukifika hatua ya maziwa, punje zikiwa laini, ndege hushuka. Wapo minana, wapo shomoro, na ikitokea bahati mbaya wapo kwelea kwelea. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la elfu ishirini, ambalo kwa kwelea ni kundi dogo, hula kilo 200 kwa siku moja. Anayelima eka moja hana siku tatu za kuvumilia.

Dawa yetu pekee ni kuwinga. Kuanzia alfajiri hadi magharibi lazima mtu awe juu ya dungu, na kombeo, na debe la kupiga, na sauti. Mama yuko kwenye biashara ya vitumbua ili nyumba ile leo. Baba yuko kwenye kibarua cha ujenzi. Anayebaki ni mtoto. Mwezi Mei na Juni mwaka huu nilihesabu madungu kumi na moja yaliyokuwa na watoto wa umri wa shule siku za katikati ya wiki. Wawili kati yao niliwafundisha darasa la kwanza. Mmoja aliponiona alijificha nyuma ya makuti, kama vile mimi ndiye ningemchapa kwa kosa ambalo si lake.

Hatuombi ndege za kunyunyizia sumu. Fenthioni, ambayo ndiyo hutumika kuua kwelea kwenye malalo yao, huua pia ndege wengine na viumbe wa majini, na sisi tuko katikati ya makazi ya watu. Tunaomba nyavu za kukopeshana kikundi kwa kikundi na usaidizi wa kupanga zamu za watu wazima. Juu ya yote tunaomba lile la namba 4, maana ndege humla anayechanua peke yake.

4. Kila mtu ana tarehe yake ya kupanda

Bondeni kwetu kuna aliyemwaga mbegu Januari, wengi Februari, na yupo aliyemwaga katikati ya Machi. Kwa hiyo wakati wote kuna mpunga mchanga mahali fulani. Mbawakavu wa kimyanga hawakosi pa kuhamia, funza hawakosi shina laini, ndege hawakosi maziwa. Tukimwaga mbegu wote ndani ya wiki mbili, hasara ya ndege inagawanyika na njia ya wadudu inakatika. Hili sisi wenyewe tumejaribu kulipanga, tukashindwa, kwa sababu wengi wanakodi mashamba kwa msimu na mwenye shamba hutoa ruhusa anapotaka. Kikao kikiitishwa na katibu wa kikundi, wenye mashamba hawaji. Kikiitishwa na Mkurugenzi, wanakuja.

5. Mbegu

Hapa ni fupi. Kinga ya kimyanga inajulikana kwa wanasayansi. Imepatikana kwenye mpunga wa asili wa Kiafrika, na kwenye aina iitwayo Gigante inayotoka Msumbiji. Tunataka kujua, kwa maandishi, ni aina zipi zilizoidhinishwa nchini zinazohimili kimyanga kuliko SARO 5, zinapatikana wapi, na kama tunaweza kusaidiwa kuzalisha sisi wenyewe mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo mkulima huzalisha shambani kwake chini ya ukaguzi. Swali hili lilikuwa kwenye barua ya tarehe 18 Machi, aya ya mwisho.

Ndugu Mkurugenzi, majibu yanayotolewa kwa malalamiko kama haya nayajua kwa sababu nimeyasikia kwenye korido za ofisi yako. Naomba niyapitie.

Niliambiwa kwamba mwaka huu ni mvua zilizoharibu mazao, si magonjwa. Ni kweli, El Nino ilitupiga, masika ilileta mafuriko, na Mei Kimbunga Hidaya kikatutia hofu pwani nzima. Majaruba ya chini yalifunikwa na mchanga na hilo sikulaumu hata kidogo. Lakini picha zangu za kimyanga ni za tarehe 26 Februari, kabla mafuriko hayajafika bondeni. Na mvua nyingi ndiyo sababu ya kuangalia blasti mapema zaidi. Daktari haachi kumtibu mtu malaria kwa kuwa nyumba yake pia imevuja.

Niliambiwa hakuna mafuta ya pikipiki. Mwaka 2022 maafisa ugani nchini kote walianza kugawiwa pikipiki, tukafurahi. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, tukafurahi zaidi. Sijui hesabu za halmashauri yako na sitazizungumzia. Nasema tu kwamba picha niliyotuma kwa WhatsApp haikuhitaji mafuta ili ifunguliwe. Yule kijana wa Juni alikitambua kimyanga kwa kutazama shina moja. Angeweza kukitambua kwenye picha ya Februari.

Niliambiwa hii ni halmashauri ya mjini na kilimo si kipaumbele. Kama ndivyo, tuambiwe waziwazi ili tusiendelee kupanga foleni. Lakini mnatusajili kwenye daftari la mbolea ya ruzuku, mnatuhesabu kwenye taarifa, na mwezi wa Agosti mnatuomba mazao ya kupamba banda la Nane Nane kule Morogoro. Mkulima anayehesabiwa Agosti alikuwapo pia Februari.

Niliambiwa wakulima hawahudhurii mafunzo. Hili lina ukweli na sitalikwepa. Mafunzo ya mwisho yalifanyika Septemba, kwenye ukumbi, siku ya Jumatano saa nne asubuhi, saa ambayo mama wa vitumbua hajarudi. Walikwenda sita. Na siwezi kukuficha kwamba sisi pia tuna makosa yetu. Tunaacha maotea kwa sababu yanatupa punje mbili tatu za kujikimu. Tunapeana miche kwa upendo bila kuikagua. Tunawaruhusu ng'ombe wakatize. Makosa haya tumeyajadili kwenye kikundi mwezi uliopita, tukaandika sheria ndogo ndogo, na wanachama wote wametia saini. Tumekubaliana kufyeka na kufukia maotea yote kabla ya Januari kuisha, tayari nusu ya bonde imesafishwa. Njoo uone.

Tunachoomba ni hiki, na nimekiandika kwa tarehe ili kisipotee.

Kabla ya tarehe 31 Januari uitishe kikao bondeni, si ukumbini, chenye wakulima, wenye mashamba na wenyeviti wa mitaa ambao ndio kwanza wamechaguliwa mwezi uliopita na bado wana ari. Ajenda iwe moja tu: wiki ya kumwaga mbegu.

Afisa ugani afike mara tatu ndani ya msimu, wala hatuombi zaidi ya hapo. Mara ya kwanza kitaluni, siku kama kumi na nne baada ya kumwaga mbegu, na hakuna mche utakaohama kabla hajauona. Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Kama kuna moja tu inayowezekana, iwe hii. Mara ya pili mpunga ukianza kubeba mimba, kwa ajili ya blasti na funza. Mara ya tatu kabla ya maziwa, kwa ajili ya ndege. Tutamlipia nauli ya bodaboda kutoka barabara ya lami ikibidi.

Ateuliwe mtu mmoja, mwenye namba ya simu inayojulikana, wa kupokea picha za mimea inayoumwa na kujibu ndani ya siku tatu. Akijibu "sijui, namuuliza mtaalamu wa utafiti", hilo nalo ni jibu na tutashukuru.

Maduka ya dawa yanayozunguka bonde yakaguliwe kabla ya Machi, kwa lengo la kuondoa chupa zisizo na lebo, na wauzaji wapewe mafunzo hata ya siku moja. Wengi wao ni vijana wetu, wangependa kujua.

Afisa elimu kata na idara ya kilimo wakae pamoja kuhusu watoto wa kwenye madungu. Orodha ya majina nitaikabidhi kwa mkono kwa afisa elimu, haitachapishwa popote, na naomba isitumike kuwaadhibu wazazi.

Na barua hii ijibiwe kwa maandishi. Ikiwa jibu ni hapana, iandikwe hapana, pamoja na sababu yake, ili tujue pa kwenda.

Sisi kwa upande wetu tumeteua vijana wanne wa kupita majarubani kila Jumamosi, wakiwa na daftari, kuandika wanachokiona: jaruba la nani, tarehe gani, dalili gani, sehemu kubwa kiasi gani. Nimewafundisha kuchora doa la blasti na michirizi ya kimyanga ubaoni, kwenye uwanja wa nyumba yangu. Daftari hilo litakuwa mali ya afisa ugani wakati wowote atakapolihitaji.

Mbegu zitalowekwa Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, na kumwagwa kitaluni mara zitakapochipua, ndani ya wiki hiyo hiyo. Ukaguzi wa kwanza tumeupanga Jumatano, tarehe 26 Februari, mwaka mmoja kamili tangu barua yangu ya kwanza. Tutakuwa kitaluni kuanzia saa moja asubuhi, upande wa pili wa daraja la miti. Ndoo ya maji na sabuni vitakuwapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikundi cha wakulima wa mpunga,
Dar es Salaam

Nakala:
Diwani wa Kata
Wenyeviti wa Serikali za Mitaa zinazopakana na bonde
Wanachama wote, kwa kusomewa kikaoni